Kimya si Likizo

"Kimya si likizo," husema Bandamasta Endovo
akigonga mgongo wa kiti kwa kijiti cha mpera.
"Aliyenyamaza ana kazi. Hesabu."
Nami, koneti ya pili, safu ya nyuma,
nimehesabu tangu darasa la tano:
moja, mbili, tatu, nne,
mbili, mbili, tatu, nne,
hadi zamu yangu ifike. Noti sita.
Kisha kimya tena.

Sasa ni Machi, nahesabu wiki.
Hii ni ya tisa tangu tuitume ile video.

Tuliirekodi ukumbini Mbale, siku ya Jumanne,
simu ya Kavogoi imeegemea rundo la vitabu vya nyimbo.
Mara ya kwanza, jogoo.
Mara ya pili, bodaboda ya mtu aliyekosa adabu.
Mara ya tatu mvua ikaangukia mabati
nikabaki napuliza kama mtu anayewasha kuni mbichi.
Ya nne ikatoka safi. Tukarukaruka.
Halafu tukaibana simu masikioni, tukasikia
ndani ya kila pumziko, nyuma ya ukuta,
ko. ko. ko.
Mama, kwenye lundo lake la kokoto,
akipasua mawe ya Maragoli kwa nyundo ya ratili nne.
Kavogoi akasema tuifute, turudie.
Kulikuwa na bando la kutuma, si la kurudia.
Tukaituma hivyo.

Kuna hesabu nyingine sijamwonyesha mtu:
karo ya mwaka ni malori thelathini na moja ya kokoto.
Mama hujaza lori moja kwa wiki saba,
mgongo ukimruhusu.

Baba mdogo alinipeleka kwa basari ya wadi.
"Unasomea nini?" karani akauliza.
Muziki.
Akacheka, bila ubaya, akaandika: Uuguzi.
"Hiyo hupita haraka."
Tangu siku hiyo tunangoja wawili,
mimi na yule muuguzi.

Nyumbani mtandao haufiki. Uko juu ya jiwe,
lile kubwa kama nyumba, ambalo hakuna nyundo imelithubutu.
Jioni hupanda huko wote wenye lao:
Mudanya anayengoja jeshi (si letu la Wokovu, lile jingine),
shangazi Kageha anayengoja pesa kutoka Doha,
mimi.
Tunainua simu kama watu wanaokinga matone.
Hakuna anayemuuliza mwenzake.
Mtu akishuka mbio, tunajua.
Akishuka akitafuta pa kuweka mguu, tunajua pia.

Alhamisi iliingia ya kwanza. "Tunasikitika."
Niliisoma hadi sahihi, kwa heshima,
kama unavyomsindikiza mgeni aliyekutukana.

Ijumaa, ya pili: nimekubaliwa.
Chini yake, aya fupi. Ufadhili:
orodha ya kungoja, nambari saba.
Hata huko, safu ya nyuma.
Na chini kabisa, mstari wa mtu asiyejitaja:
"Aliyekugongea mwendo ni nani?
Hakuteleza hata mara moja."

Nilishuka wala si mbio wala si polepole.
Koneti ni ya kanisa, haitakwenda nami popote;
kitoto cha akina Sagala tayari huizungukia Jumapili,
huifuta vali bila kutumwa.

Mama alinisikiliza nyundo ikiwa hewani.
"Saba ni karibu au ni mbali?"
Sijui, Mama.
Basi nikamsomea ule mstari wa mwisho.
Akanitaka niusome tena.
Akajifuta vumbi usoni kwa ncha ya leso,
akaweka jiwe sawa, akagonga,
akakosea.
Akagonga tena, akakosea tena,
akanitazama kama niliyemfungulia mlango akioga.

"Nenda zako kule," akasema. "Unanihesabia."